Kitabu cha Evaline na Tawi la Miiba

Mguu wa Fransiska ulivunjwa na ndama, na ndama mwenyewe hata hakugeuka kuangalia. Alichomoka zizini asubuhi, umande bado mwingi, na Fransiska akamfukuza kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba utadhani bado ni msichana. Akateleza, akakaa chini, na alipotaka kuinuka kifundo cha mguu kikakataa katakata.

Watu wa Nambis, huku kwetu Mbulu, wanamjua Fransiska. Ni mama asiyejua kukaa. Ukimwona amekaa kanisani, ujue ni kwa sababu padre anamtazama. Sasa mtu wa namna hiyo unamfunga hogo gumu jeupe kuanzia vidoleni hadi gotini, kisha unamwambia atulie kwenye benchi barazani mpaka mfupa uunge, na maharage yako shambani yanangoja kung'olewa! Jamani, hiyo si tiba, hiyo ni kifungo.

Nyumbani alikuwa na mkwewe Evaline na mjukuu wake Wolfgang, mtoto wa miaka mitatu mwenye jina zito kuliko yeye mwenyewe, jina la daktari wa misheni aliyemtibu babu yake zamani. Tito, mwana wa Fransiska, yuko Babati anajenga nyumba za watu na anakuja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo shamba, ng'ombe na mgonjwa, vyote viliangukia mikononi mwa Evaline, na mgonjwa ndiye aliyekuwa na kelele kuliko ng'ombe.

"Evaline! Hao kuku wanakula nini pale?"

"Mahindi, mama."

"Mahindi yapi? Nani amewapa ruhusa?"

Wageni walikuja. Wakaja wa jumuiya, wakasali, wakala makande. Wakaja majirani wa juu na maziwa mgando, wa ng'ambo na mayai, hata yule mzee ambaye hasalimii mtu akaja na kipande cha boga. Kila aliyeingia Fransiska alimkaribisha, akamsimulia habari za ndama mwanzo hadi mwisho, akiongeza mwinuko wa kilima kidogo kila mara. Lakini kila alipokuwa akisimulia, jicho lake moja lilikuwa chini, kwenye bati la nyumba ya pili, ambako moshi wa jiko ulikuwa unapanda kama kawaida.

Kwa Benedikta. Benedikta peke yake ndiye hakuja.

Inabidi uelewe hawa wawili walikuwa nani. Waliolewa kwenye kigongo hiki mwaka mmoja, wote wasichana, wote wakililia kwao. Walipalilia mashamba yao kwa zamu, leo kwangu kesho kwako. Benedikta alipougua malaria akiwa na mtoto mchanga, ni Fransiska aliyemnyonyesha Sebastiani pamoja na Tito, huyu kushoto huyu kulia. Akonaay, mume wa Fransiska, alipofariki, Benedikta alilala kwenye nyumba hii mpaka watu wakasahau ni ya nani. Kati ya nyumba zao kulikuwa na kinjia chembamba ambacho hakikuota nyasi hata msimu wa mvua kubwa.

Na sasa ulikuwa unakwenda mwaka wa nne hawazungumzi. Wakikutana kanisani ni "Tumsifu Yesu Kristu", "Milele amina", basi. Hapo ndipo sala na urafiki vilipoishia.

Ilianza hivi. Paskalina, mtoto wa mwisho wa Benedikta, aliugua ghafla akafariki, binti mbichi kabisa. Akazikwa na kanisa, watu wakajaa. Fransiska alikwenda mazishini, ila alisimama mbali, karibu na ua, hakumpa Benedikta mkono. Usimhukumu haraka. Fransiska alilelewa na mama yake Kiiraqw hasa, na kwa watu wa zamani nyumba iliyofiwa na kijana ilikaa peke yake kwa muda. Hamshikani mikono, hamli chungu kimoja, hamwombani moto, hata ng'ombe hawakutani majini. Wenyewe waliita metimani. Vijana wa leo wanaicheka, na padre ameshaisema sana. Fransiska naye ukimwuliza atakwambia haiamini. Lakini wakati ule Evaline alikuwa mjamzito, na mimba mbili za kabla ya hapo zilikuwa zimetoka. Mtu anaweza kuwa haamini kitu na bado akakiogopa, hasa kama kilichoko hatarini ni mjukuu.

"Nitakwenda akishajifungua," Fransiska alijiambia. "Benedikta ni mtu wangu, ataelewa."

Kisha siku moja akitoka kanisani akaona, katikati ya kile kinjia chao, tawi kubwa la miiba limelazwa. Halikuanguka lenyewe, hapakuwa na mti karibu. Limekatwa kwa panga, likaburutwa, likawekwa. Na aliyeliweka ni mmoja tu.

Lo! Moyo wa Fransiska uliwaka. Yaani amenifungia njia! Mimi niliyemnyonyeshea mtoto! Akarudi nyumbani akila kiapo kwamba aliyeliweka ndiye atakayeliondoa, na mpaka siku hiyo yeye atapita barabara kubwa. Evaline akajifungua salama, Wolfgang akaota meno, akatembea, akaanza kujibizana na wakubwa. Tawi likakauka pale pale. Mbuzi wakajifunza kulizunguka. Nyasi, ambazo hazikuwahi kupata nafasi kwenye kile kinjia, zikaota zikafika magotini.

Basi, siku chache baada ya Fransiska kuvunjika, Evaline alirudi kutoka mnadani Dongobesh, anakouza mitumba, akiwa na habari. Aliisema akimenya viazi, bila kumtazama mama mkwe.

"Nasikia Mama Sebastiani anahama."

"Anahama kwenda wapi?"

"Masakta, huko Hanang, kwa Sebastiani. Amemjengea chumba. Wakishavuna atakuja na Fuso kuchukua vitu."

"Aende salama," Fransiska alisema. "Huko kwenyewe tambarare, hatachoka miguu."

Lakini ugali wa siku ile haukupita. Aliuzungusha mkononi, akauchovya, akaurudisha sahanini. Alijua vizuri kabisa kwamba Fuso ikishaondoka na vitanda na vibuyu vya Benedikta, mambo yao hayatatengenezwa tena. Watu wa umri wao hawahamii Hanang kisha wakarudi kumaliza ugomvi. Wanaletwa kuzikwa, au hawaletwi. Na aliumia kwamba hata mguu uliovunjika haukumtoa Benedikta mlangoni kwake. Hata pole! Neno dogo hivyo!

Sasa tuje kwenye kitabu.

Evaline ana ugonjwa wa kusoma. Pale mnadani meza yake iko jirani na turubai la Muksini, ambaye huuza vitabu vya zamani kwa rundo, na wateja wakipungua Evaline huchukua kimoja akajisahau. Fransiska alikuwa amelisemea jambo hilo mpaka amechoka. Mtu mzima, mke wa mtu, unakaa unasoma hadithi za watu ambao hawapo! Kwake yeye kitabu kilikuwa cha nyimbo za kanisani, au cha mtoto wa shule, na akishamaliza shule kinakwenda kuwashia moto.

Lakini benchi ni refu na siku ni ndefu. Fransiska alisoma kitabu cha nyimbo hadi kwenye majina ya wachapaji. Akasoma kalenda. Akasoma maandishi ya mfuko wa mbolea na karatasi ya dawa ya kikohozi, akagundua dawa ile inaweza kuleta kikohozi. Hatimaye akaita.

"Evaline. Leta huo upuuzi wako nione."

Evaline akamletea kitabu kimoja kisichokuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, kimekunjika pembe. Haikujulikana kinaitwaje wala kaandika nani. Alimpa akaondoka haraka kwenda shambani, maana alijua akibaki na kutabasamu kitarushwa.

Fransiska alisoma kama alivyofundishwa darasa la pili, kidole chini ya mstari na midomo ikicheza. Kilikuwa kisa cha mwanamke anayeitwa Mama Kulwa, katika mji fulani wa reli ambako Fransiska hajawahi kufika. Mwanawe amefungwa kwa wizi, na tangu siku hiyo majirani wakaacha kuingia kwake. Hawamtukani, la. Hawaji tu.

Mwanzoni Fransiska alikuwa upande wa majirani, tena kwa sauti.

"Na wewe ungemlea mwanao!" alikiambia kitabu. "Unataka watu waje kuibiwa vijiko?"

Wolfgang, aliyekuwa akicheza na magunzi chini ya benchi, akatoa kichwa. "Bibi unagombana na nani?"

"Na mama mmoja hapa. Cheza."

Akaendelea. Akafika mahali ambapo Mama Kulwa amekaa ndani, mlango umerudishwa nusu, anasikiliza miguu ya watu inayopita nje. Amekaa siku nyingi mpaka anawajua wote kwa miguu yao. Huyu anaburuta ndala, huyu ana haraka, huyu ni fundi viatu, anachechemea. Na kila jioni hupita Mama Zaina, jirani wa nyumba ya pili, rafiki yake wa tangu ujana. Mama Zaina ni mtu mwema. Mwandishi alisema hivyo waziwazi, mtu mwema, anayewapa watoto wa jirani uji. Kila siku hukaa mlangoni kwake akichagua mchele, na kila siku hujiambia kwamba kesho atakwenda kwa Mama Kulwa. Lakini akifika mbele ya ule mlango huinamisha kichwa na kukaza mwendo. Na ndani, Mama Kulwa anasikia miguu ile ikikaza mwendo. Anaijua. Anangoja labda itasimama.

Fransiska aliinua kidole kwenye mstari. Alitazama huku na huku kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake, kisha akapaza sauti mpaka kuku wakaruka.

"Evaline! Evaline! Njoo hapa sasa hivi!"

Evaline alikuja mbio, jembe mkononi, akidhani mama ameanguka.

"Nani kakupa kitabu hiki?"

"Muksini, mama. Kuna nini?"

"Nani kamweleza mwandishi habari zangu?"

"Habari zako zipi?"

"Usijifanye hamnazo! Huyu Mama Zaina ni nani? Jirani wa nyumba ya pili! Anayekaza mwendo! Mmekaa huko mnadani wewe na Muksini mkanitafutia kitabu cha kunisema, kwa sababu nimevunjika mguu siwezi kukimbia!"

Evaline alishika mdomo. Alijitahidi, Mungu anajua alijitahidi, lakini kicheko kikamshinda, akakaa chini na jembe lake.

"Mama, hicho kitabu kimeandikwa kabla mimi sijazaliwa. Aliyekiandika hata Mbulu pengine haijui."

"Basi amejuaje?"

Hapo Evaline akaacha kucheka. Akalitafakari lile swali, maana lilikuwa swali zuri.

"Labda na yeye alikuwa na jirani," alisema.

Fransiska alikisukumiza kitabu chini ya gunia la maharage, akanuna siku mbili nzima. Alisema haoni vizuri, alisema herufi ni ndogo, alisema hadithi yenyewe ni ya uongo. Nani amewahi kukaa ndani anasikiliza miguu ya watu? Mtu ana kazi zake.

Na akiwa anasema hivyo, barabarani chini zikapita hatua. Plop, plop, plop. Ni mabuti ya mpira yaliyomzidi mtu, yanapwaya kisiginoni. Fransiska hakuhitaji kuangalia. Ni Benedikta, anakwenda bombani na ndoo, amevaa mabuti ya marehemu mumewe kama kawaida yake. Hatua zikakaribia mchepuko wa kuja kwa Fransiska. Fransiska akatega sikio. Hatua zikasita kidogo, au yeye alidhani zimesita, kisha zikaendelea, plop, plop, mpaka bombani.

Hapo ndipo lilipompata. Alikuwa amekaa barazani siku zote hizi anasikiliza miguu. Alikuwa anaijua ya kila mtu. Alikuwa anangoja labda itasimama.

Na kama yeye anasikia kutoka huku juu, Benedikta aliyekaa kule chini kando ya barabara amesikia nini miaka yote hii? Amesikia miguu ya Fransiska. Ikienda kanisani, ikirudi. Ikienda mashineni kusaga, ikirudi. Akiwa ndani peke yake na kitanda cha Paskalina kitupu, amesikia miguu ya mtu aliyemnyonyeshea mwanawe ikipita, ikikaza mwendo, kwa sababu kweli ilikuwa ikikaza. Fransiska alijua mwenyewe mahali ilipoanza kukaza na mahali ilipolegea.

Alilia. Sikufichi, alilia waziwazi hapo benchini, akajifuta kwa pindo la khanga, akalia tena. Kisa cha tawi la miiba alikuwa amekisimulia mara nyingi, kwa Tito, kwa Evaline, kwa marehemu mumewe kaburini. Kila mara alikisimulia kutoka upande wake wa tawi. Haikumwingia akilini hata siku moja kwamba tawi lina upande wa pili na kuna mtu amesimama huko. Tena alikuwa akijihesabu miongoni mwa watu wema. Anatoa maziwa, anaimba kwaya, hasengenyi sana. Mama Zaina naye alikuwa mtu mwema. Ndiyo maana kitabu kilimuuma vile.

Akakitoa chini ya gunia, akasoma kidogo, ukurasa mmoja na nusu, hadi pale Mama Kulwa anapoanza kufunga mizigo yake aondoke mjini. Akakilaza kifudifudi kwenye benchi. Akachukua magongo yake.

"Mama, unakwenda wapi?" Evaline aliuliza kutoka jikoni.

"Kuchimba dawa."

"Choo kiko huku!"

"Najua choo changu kilipo!"

Akashika kile kinjia cha zamani, chini. Evaline alitoka na mwiko mkononi, akaona mahali anapoelekea, akaweka mwiko chini taratibu, akamchukua Wolfgang mgongoni. Akafuata kwa mbali.

Kinjia kile kilikuwa kibaya. Nyasi zimefunika mawe, gongo linazama, mguu wa hogo unaning'inia. Fransiska alishuka akigombana na kila jiwe. Alipolifikia tawi alikuwa anatweta, na sweta limelowa. Lilikuwa limekauka limekuwa la kijivu, miiba yote iko wima bado. Akalisukuma kwa gongo. Likashika khanga. Akaivuta khanga, likashika sweta.

"Niachie!" alilipigia kelele. "Niachie wewe shetani mkavu! Miaka yote umelala hapa unakula nini?"

Mlango wa chini ukafunguka. Benedikta akatoka na ungo mkononi, akasimama kwenye kizingiti. Hakusogea. Nyuma yake ndani yalionekana magunia yamefungwa kamba.

"Mama Tito," alisema, "mguu wako!"

Ndilo neno la kwanza baada ya muda wote ule, ukiacha yale ya kanisani.

"Achana na mguu. Njoo utoe huu mwiba wako."

"Siwezi."

"Huwezi nini? Si uliuweka mwenyewe?"

"Ndiyo maana siwezi. Aliyefiwa anaweka, haondoi. Anaondoa yule wa nje, akiwa tayari kukupokea. Kwetu ndivyo walivyofanya."

Fransiska aliacha kuvuta, tawi bado limemshika sweta.

"Kwenu wapi? Mbona kwetu hakuna habari hiyo?"

"Kwa mama yangu. Unaweka mwiba ili kile kibaya kisipande kwenda kwa mjamzito. Evaline alikuwa na mimba, na mbili zilishatoka. Nikasema, Mungu ameshamchukua wangu, huyu wa Fransiska asimguse." Benedikta alihamisha ungo mkono huu kwenda mkono ule. "Nikakata tawi, nikaweka. Nikajua mtoto akizaliwa utakuja kuliondoa. Kila asubuhi nachungulia."

"Ulikuwa unachungulia?"

"Mpaka leo nimechungulia. Na mguu wako nimeusikia siku ile ile, nimepita barabarani nikasimama hapo kwenye mchepuko kila siku. Nitaingiaje kwa mgonjwa na sijaondolewa mwiba?"

Khaa! Fransiska alitaka kusema kitu, kikageuka kilio, kilio kikageuka kicheko katikati ya njia, na kwa kuwa anasimama kwa mguu mmoja akaanza kuyumba. Hivi unaona? Mmoja anangoja aliyeweka aondoe. Mwingine anangoja wa nje aondoe. Na mbuzi wanazunguka!

"Mimi nilijua umenifungia njia," alisema. "Nilijua umekasirika nilivyosimama kule uani siku ya mazishi, bila kukupa mkono."

"Nilikuona. Nilishukuru. Nikasema, angalau huyu ana akili, ana mjamzito nyumbani."

"Kwa hiyo hukukasirika?"

Benedikta alimtazama sawasawa. "Siku ile, hapana. Baadaye, mtoto ameshazaliwa, namsikia anacheka huko juu, wewe unapita hapa unakimbia kama nakudai, ndiyo. Nilikasirika sana, Mama Tito. Nimekasirika mpaka nikachoka."

"Una haki," Fransiska alisema. "Nilikuwa nasikia miguu yangu mwenyewe ikikimbia na bado nikawa najiona mimi ndiye niliyeonewa. Nisamehe."

"Ondoa mwiba kwanza."

Fransiska akaweka magongo yote kwenye kwapa moja, akainama, akalishika lile tawi kwa mkono mtupu, likamchoma, akalivuta hata hivyo. Lilipotoka tu katikati ya njia, Benedikta alitupa ungo akaja mbio, plop, plop, plop, akalishika upande wa pili. Wakaliburuta wawili hadi jikoni kwa Benedikta. Hawakulitupa. Walilikata vipande, wakalitia mafigani, na chai iliyochemka juu yake Evaline anasema haina tofauti na chai nyingine, lakini Fransiska anaapa ilikuwa tamu hata kabla ya sukari.

Evaline akamsukuma Wolfgang mbele. "Msalimie bibi."

"Shikamoo."

"Marahaba, baba." Benedikta akampakata, akamshika miguu, akamshika masikio, akamgeuzageuza kama mtu anayekagua kitu alichokiagiza zamani kikachelewa. "Ndiye huyu? Kumbe una sauti kubwa na mwili mdogo hivi?"

Fransiska aliyatazama yale magunia.

"Kwa nini unahama?"

"Hapa hakuna mtu wa kuniuliza nimeamkaje."

"Umeamkaje?"

Moto ulikuwa unalia kwa ile miiba mikavu.

"Nimeamka salama," alisema, na mabega yake yakashuka.

Sebastiani alifika mwisho wa juma na Fuso yake. Alikuta magunia yamefunguliwa, mama yake yuko shambani kwa Fransiska anang'oa maharage, na Fransiska amekaa kwenye kigoda pembeni anamwelekeza jinsi ya kuyang'oa, jambo ambalo Benedikta amelifanya maisha yake yote. Alipewa magunia ya mahindi apeleke Masakta, akaambiwa mama atakuja Krismasi kutembea. Alikuna kichwa, akawaza chumba alichokijenga, kisha akawatazama wale wazee wawili wanavyobishana, akapakia mahindi akaondoka. Naye alionekana kupumua.

Ila kulikuwa na jambo limebaki. Benedikta hakusoma shule, na tangu alipohadithiwa kilichomtoa Fransiska kwenye benchi alikuwa anamsumbua kila siku.

"Na yule mwenzangu? Mama Kulwa. Kuna mtu alimwendea?"

"Sijui. Nilikiacha nikaja kwako."

"Hukumaliza?"

"Ningemalizaje? Alikuwa anafunga mizigo!"

Basi mchana mmoja, maharage yamemwagwa kwenye turubai barazani na Benedikta anayachambua, Fransiska alivaa sauti yake ya kwaya akasoma sura ya mwisho, kidole chini ya mstari. Evaline alisimamisha kazi mlangoni kusikiliza. Mama Kulwa alifunga mizigo. Aliketi kwenye kiti chake akingoja treni, mlango wazi. Miguu ya Mama Zaina ilikuja, ikafika mbele ya mlango, ikasita. Fransiska alisita nayo. Kisha ikakaza mwendo. Treni ikaja, Mama Kulwa akapanda peke yake. Mama Zaina alibaki mlangoni kwake akichagua mchele, akijiambia kwamba kesho, kesho bila shaka. Hadithi ikaishia hapo.

Fransiska aligeuza ukurasa akidhani kuna mwingine, hapakuwa na mwingine.

"Masikini Mama Zaina," Benedikta alisema hatimaye, akirusha punje mbovu kwa kuku. "Angepata kitabu na yeye."